Kula Mbele ya Mkwe

Unga ule ulikuwa wa manjano, na mpaka leo nikiona rangi ile kwenye sahani huwa nainuka. Ulikuja kwa meli kutoka nchi za watu, ukapanda treni mpaka Manyoni, ukapakiwa kwenye lori mpaka kijijini kwetu nyuma ya Sepuka, na katika safari yote hiyo hakuna aliyejali kuufunika vizuri. Watu waliuita Yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi. Ukiumimina kwenye maji yanayochemka ulitoa harufu ya gunia lililolowa, na wadudu wakaelea juu. Tuliwaengua kwa kata, tukawamwaga, tukaendelea kusonga. Waliokuwa wakingoja hawakutuuliza kitu.

Huo ulikuwa mwaka wa njaa, ule uliofuata Operesheni Vijiji. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye matembe yetu ya udongo, tukapangwa mstari kando ya barabara, na mvua nayo ikagoma. Mtama tulioupanda kule tulikotoka uliliwa na ndege, maana hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Ndipo wanawake wa parokia walipokaa na wanawake wa msikitini, wakakubaliana kuanzisha jiko moja la kuwapikia wasio na kitu kabisa: wajane, wazee, watoto ambao baba zao walikwenda kutafuta vibarua wakapotelea huko. Serikali ilitupa unga, misheni ikatupa maharage, sisi tukatoa kuni, maji na mikono. Mimi nilikuwa mmoja wa wapishi. Naitwa Felista, na wakati huo nilikuwa mke wa Damiani, mwenyekiti wa kijiji.

Jiko lile mwanzoni lilikuwa zuri, sitaki kudanganya. Kitu kilichotusumbua tangu siku ya kwanza hakikuwa kuni wala maji. Kilikuwa wakwe. Kwetu sisi mama mkwe na mwanamume aliyemwoa binti yake hawaonani wakila. Hawatajani majina, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani kidogo mwenzake apite. Kule zamani halikuwa jambo gumu, kila mtu alikuwa na mji wake mbali na wa mwenzake. Hapa walitupanga mlango kwa mlango, mama mkwe hapa, mkwe pale, halafu wote wakaitwa kula uwanja mmoja. Bibi wa kwanza kupewa sahani aliinua macho, akamwona mkwe wake amekaa mbele yake na tonge mkononi. Aliweka sahani chini taratibu, akaondoka na njaa yake.

Yunisi, mpishi mwenzangu, mwanamke mfupi mwenye mdomo, ndiye aliyepata dawa. Tulikata mabua ya mtama tukajenga ua mrefu kupita kimo cha mtu, upande wa nyuma ya jiko. Kina mama wakwe walikula nyuma ya ua, wakwe zao mbele, na sahani zilipitishwa kwenye tundu. "Kaeni kwa raha, mama zangu," Yunisi alikuwa akiwaambia, "huku nyuma ndiko kwenye maharage mengi." Na kweli ndiko tulikoyapeleka. Wale bibi walicheka huko nyuma mpaka tukawasikia jikoni, na kicheko mwaka ule kilikuwa adimu kuliko sukari.

Halafu mume wangu akagundua kwamba chakula kinatoka. Wale bibi walikuwa na watoto na ndugu waliokataa kuhama, wamejificha kule kwenye matembe yaliyong'olewa paa, na nyuma ya ua ilikuwa rahisi mtu kufunga matonge mawili matatu kwenye pindo la kanga akawapelekea. Nani angemlaumu mama kwa hilo? Damiani aliwalaumu. Alikuja asubuhi moja na mgambo, wakaung'oa ua wote, wakatutupia mabua jikoni tuyafanye kuni. Akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila mtu atakula hapo hapo uwanjani, mbele ya macho yake, mpaka sahani iwe nyeupe. Akaagiza kiti kutoka shuleni, akakiweka karibu na pipa la ugali, akakaa.

Mzee Mughwai, aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wanaume wote pale, alijaribu kumwambia kwa upole. "Mwenyekiti, na hawa wakwe itakuwaje?"

"Mzee wangu, shikamoo," Damiani akasema, bila kuinuka. "Mila hizo tumeziacha kule porini. Katika ujamaa hakuna mkwe. Kuna ndugu."

Mzee hakuitikia shikamoo ile, akachukua fimbo yake akaenda zake.

Wanaume wengine walikuwa na akili. Mtu akimwona mama mkwe wake anakuja, alimaliza upesi akaondoka, au alichelewa makusudi mpaka pipa linakwanguliwa. Hakuna aliyewafundisha, na chakula kiliwapita koo wote. Mmoja tu hakuondoka, naye ni yule wa kwenye kiti. Mama mkwe wake alikuwa mama yangu.

Mama aliitwa Alute. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuja jikoni kila siku kwa sababu ndiyo amri, akapokea sahani kwa mikono miwili, akaenda kukaa mbali kadiri alivyoweza na kumpa Damiani mgongo. Lakini mgongo hautoshi. Macho ya mkwe wake yalikuwa nyuma yake na alijua. Aliutazama ule ugali mpaka ukapoa na kushika ngozi, kisha akawagawia watoto waliomzunguka, akarudisha sahani. Sahani ilikuwa nyeupe, na mwenyekiti akaridhika.

Nyumbani sikuwa na kitu cha kumpelekea. Nafaka ya kila nyumba ilikuwa imepelekwa ghalani, na ufunguo wa ghala ulining'inia kwenye mkanda wa Damiani. Yeye mwenyewe unga wa manjano hakuugusa. Wageni wa wilayani hawakukauka, na kila walipokuja palipikwa wali na nyama, na kilichobaki kilikuja kwetu kwenye bakuli lenye mfuniko. Alikila mbele yangu huku akinieleza habari za kujitegemea. Akimaliza alichonga kijiti, akaenda nacho jikoni, akakaa kwenye kiti chake na kuchokonoa meno mbele ya watu ambao hawakuwa na kitu cha kukwama kwenye meno yao. Kipande cha nyama kikitoka alikitazama kwanza, akakirudisha mdomoni, akakitafuna tena. Mimi nilikuwa hapo nasonga ugali, namwona. Kinyaa kilinipanda, nikageukia moshi ili watu wafikiri ni moshi unaoniliza.

Siku moja nilichota wali kidogo kutoka kwenye lile bakuli, nikampelekea mama. Alifunua, akanusa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na shingoni ungeweza kuona kila mshipa.

"Huu umetoka wapi, Felista?"

"Nyumbani, mama. Kula tu."

"Aliula yeye, akabakiza?"

Akaufunika, akanirudishia bakuli. "Unataka nile kilichobaki mdomoni mwa mkwe wangu? Mwanangu, bado sijafa."

Nikajaribu njia nyingine. Nilifunga unga mkavu kwenye pindo la kanga, konzi mbili tu, nikakusudia kumpikia mama uji ndani kwake. Sijui nani alisema. Tulipokuwa tunatoka jikoni Damiani alitusimamisha wapishi wote, akaanza kutukagua. Alinusa viganja vyetu, kimoja kimoja, pua yake ikigusa ngozi. Alipofika kwangu hakunusa. Alishika kanga yangu akaikung'uta mbele ya uwanja mzima, unga ukamwagika chini, akaukanyaga kwa kiatu na kuusugua kwenye vumbi.

"Hata mke wangu," akawaambia watu. "Mmeona wenyewe. Mimi sina upendeleo."

Watu wengine walipiga makofi, kwa woga au kwa njaa, sijui. Alipoondoka watoto walikuja wakapiga magoti, wakalamba mahali pale, vumbi, unga na alama ya kiatu chake. Yunisi aliwafukuza kwa mwiko huku analia. Usiku wa ndoa yangu niliambiwa na shangazi zangu kwamba mume huzoeleka, kwamba hata harufu yake siku moja utaipenda. Siku ile nilijua kwamba nyingine hazizoeleki.

Hata hivyo nilimwomba. Mama alikuwa anaisha, na mtoto ukimwona mama yako anaisha unaomba hata kwa mtu unayemchukia. Ilikuwa jioni, ametoka kula, anafungua vifungo vya shati lake la kijani.

"Baba Ignas," nikamwambia, "nakuomba kitu kidogo. Kesho mama akipewa sahani, ondoka kidogo. Nenda hata ukakague vyoo."

"Nikiondoka watu watakula mara mbili."

"Yeye hajala hata mara moja."

"Sahani yake inarudi nyeupe. Naiona mwenyewe."

"Anawapa watoto."

"Basi hana njaa," akasema, akabeua. "Mwenye njaa hawapi watoto wa watu."

Nilimtazama vizuri. Nilitaka kujua kama anatania. Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. Alikuwa ameshiba tu. Na nilielewa kitu ambacho nilikuwa nakikimbia: alijua fika kwa nini mama hali, alizaliwa na kulelewa kwetu kama mimi, na kukaa kwenye kile kiti kulimnogea kwa sababu hiyo hiyo. Mama yangu aliwahi kumkataa alipokuja kuposa. Alisema kijana huyu anapenda kutazamwa. Baba ndiye aliyekubali, na baba alikwishakufa.

Haikupita muda mrefu, zikaja habari kwamba wageni wakubwa wanakuja kutoka mkoani kuliona jiko letu, na mpiga picha pamoja nao. Kijiji kilifagiliwa. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Tuliambiwa siku hiyo maharage yaungwe kwa mafuta, mafuta ambayo hatukuwahi kujua kama yamo ghalani.

"Wageni wanataka kumwona mzee akila," Damiani akaniambia. "Hakuna bibi mwenye miaka mingi kumshinda mama yako. Utamkalisha mbele, pale karibu na kiti changu, kwenye mwanga. Na ale, asigawe."

"Baba Ignas, hata kumtaja jina huwezi. Hujawahi kumtaja tangu unioe."

"Nimtaje wa nini? Nataka ale."

"Na akikataa?"

"Mgambo watamkalisha," akasema. "Na wageni wakishaondoka, tutaona kama mtu asiyetaka chakula cha kijiji anahitaji nyumba ya kijiji."

Nilikwenda kwa mama. Nilimkuta amekaa mlangoni, ameegemea fremu kwa sababu mgongo haukumbeba tena vizuri. Nilimsalimu, nikamwambia yote, hata habari ya mgambo.

"Niletee maji nioge," mama akasema. "Na mafuta kidogo ya kujipaka, kama yapo. Mwambie nitakula."

"Mama, usi—"

"Felista, nimesema nitakula."

Wageni walikuja asubuhi kwa Landrova, wakiwa na vumbi la Singida mjini mpaka kwetu. Walikuwa watu wa heshima, sisemi vibaya juu yao. Walitusalimia wapishi, mmoja akachungulia pipa na kusema chakula kinapendeza. Watu walikaa uwanjani mistari mistari, wamenyamaza, sahani mapajani. Damiani alikuwa amepaka viatu rangi, na kijiti chake kilikuwa mfukoni mwa shati, kimetokeza kichwa. Akatoa hotuba. Akasema kijijini kwake hakuna mtu anayelala na njaa, na ushahidi watauona kwa macho yao.

Mama alikuja akitembea mwenyewe. Alikuwa amevaa kaniki safi na amejipaka mafuta, ngozi yake inang'aa juu ya mifupa. Hakwenda kukaa mbali. Alikuja mpaka mbele ya kile kiti, akakunja miguu akakaa chini, uso kwa uso na Damiani, karibu kiasi kwamba magoti yao yangeweza kugusana. Mikono yangu ilikataa kupakua. Yunisi ndiye aliyempa sahani.

Mama alinawa. Akakata tonge, akalifinya, akachovya kwenye maharage, akainua macho, akamtazama mkwe wake usoni. Akala.

Uwanja mzima ulisikika ukivuta pumzi. Mzee Mughwai alijifunika uso kwa shuka. Wanawake waligeuka wakatazama upande wa barabara, wanaume wakainamisha vichwa, na mama mmoja aliwafumba watoto wake macho kwa viganja. Mpiga picha alipiga picha, akasogea, akapiga nyingine. Wageni walikuwa wanatabasamu.

Na Damiani, yule aliyeziacha mila kule porini, aligeuka. Nilimwona. Rangi ilimtoka, akageuza shingo upande kwa nguvu, mkono ukaja juu kuziba uso, na miguu yake ikaanza kusukuma kile kiti nyuma kwenye vumbi.

"Usigeuke, Damiani," mama akasema kwa Kinyaturu.

Alimtaja jina. Kwa sauti, mbele ya kila mtu, jina ambalo miaka yote ya ndoa yangu halikuwahi kupita mdomoni mwake. Nilisikia bibi mmoja akilia kwa sauti nyembamba.

"Ulitaka kunitazama nikila. Nitazame sasa," mama akaendelea, na kila baada ya sentensi alikata tonge, akala, akameza, hakuharakisha. "Ulisema hapa hakuna mkwe. Nami nimekubali. Nimekula mbele yako na nimekutaja jina, kwa hiyo wewe si mkwe wangu, ni mtu tu aliyekaa kwenye kiti. Na kama mimi sina mkwe, mwanangu hana mume." Akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akalila. Sahani ilibaki nyeupe, akaiweka juu ya kiatu kimoja cha Damiani kilichopakwa rangi.

Mgeni mkubwa alikuwa ameguswa. "Bibi anasema nini?" akauliza.

"Anashukuru," Damiani akasema. "Anaishukuru serikali kwa chakula."

Wageni wakapiga makofi. Mgambo wakapiga makofi. Yule mtu aliyekaa kwenye kiti akajilazimisha kutabasamu, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, na kwa kweli sijawahi kuona uso wa binadamu ukinichukiza kiasi kile. Niliuacha mwiko umesimama kwenye ugali, nikapita katikati ya sahani za watu mpaka mbele.

"Hakushukuru," nikamwambia mgeni kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Hajala siku nyingi kwa sababu huyu alikataa kuondoka hapa. Kwetu mama hali mbele ya mwanamume aliyemwoa binti yake. Leo amekula mbele yake, maana yake mimi nimeachika. Mimi ndiye binti."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Mgeni alimtazama Damiani, Damiani akatazama sahani iliyokuwa kwenye kiatu chake, na hakuthubutu hata kuigusa. Nilimshika mama mkono, nikamwinua. Alikuwa mwepesi, nilimwinua kwa mkono mmoja. Tukatoka uwanjani, na watu wakasogeza miguu yao kutupisha. Mtoto wangu Ignas alikuwa anasoma Manyoni, kwa mdogo wa baba yake, na niliwaza njiani ni maneno gani nitamwandikia.

Tulishika njia ya zamani, inayokwenda kwenye tembe letu lisilo na paa. Tulipopita nyumba ya mwisho ya kijiji mama aliniachia mkono, akainama kando ya njia, akatapika. Yalitoka yote, manjano vile vile, na mafuta yale ya wageni. Nilimshika kichwa mpaka kichefuchefu kikamwishia. Alifuta mdomo kwa kaniki, akayarushia udongo kwa mguu, akahema.

"Sasa ndiyo nina njaa," akasema.

Mvua ndogo ilikuwa imenyesha upande ule siku chache kabla. Tuliingia kichakani, tukaanza kuchuma majani ya mlenda.